Bipu Mbili za Saa Tano

Simu haijawahi kunipita mimi. Hilo liwekeni akilini kabla sijaendelea. Wapo watu simu zao zinaita mpaka zinachoka zenyewe, wao wako bafuni, wako dukani, wako wapi sijui. Mimi hapana. Mimi naisikia simu kabla haijaita. Mtaani wananiita Redio kwa sababu mdomo wangu hauna swichi, lakini wangenitendea haki wangeniita Mnara, maana sijaona mtu anayepatikana kama mimi. Mvua, jua, nikiwa nakula, nikiwa naoga na povu machoni, ukinibipu nimekusikia. Ndivyo nilivyomwambia dada yangu siku tuliyogawana kazi ya kumwangalia Baba, na yeye akaniamini.

Baba alikuwa dereva wa malori kwa miaka thelathini na moja. Kiharusi kilimkuta amestaafu, amekaa mlangoni anakata kucha. Kikamnyang'anya mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote isipokuwa moja. Neno lenyewe ni "haya". Uji ukiwa moto, haya. Mpira ukiingia golini, haya ndefu. Ukimvalisha shati kinyume, haya fupi yenye ncha. Dada alisema Baba ni kama mtu aliyehama nyumba akasahau kikombe kimoja nyuma. Mimi nikasema afadhali limebaki hilo, kuna majirani wana maneno yote na haya hawana. Baba alicheka kwa upande wake mmoja wa mdomo hadi mate yakamtoka.

Mama alishatutangulia zamani, kwa hiyo tulikuwa watatu katika vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Dada alifanya kazi kaunta ya huduma kwa wateja, kampuni ya simu, upande wa pili wa mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mimi nilikuwa karakana ya vioo, dakika saba kwa miguu kutoka nyumbani. Nikikimbia, nne. Ndiyo maana Baba alikuwa wangu mchana na wa Dada jioni.

Dada ndiye aliyebuni utaratibu. Alimnunulia Baba kile kisimu cha vitufe, akakiseti kwamba ukibonyeza namba mbili ukaishikilia, kinanipigia mimi. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kizima, kikazoea. Bipu moja: niko sawa. Bipu mbili zikifuatana: njoo. Sikutakiwa kupokea. Ningepokea ningesikia "haya", na kwenye simu uso hauonekani, utajuaje hiyo ni haya ya nini? Asubuhi saa mbili, akimaliza chai, bipu moja. Saa sita, bipu moja. Saa tisa, bipu moja. Bosi wangu alizizoea kuliko saa yake ya ukutani. Ikilia ya saa sita anaweka kalamu ya almasi ya kukatia vioo chini na kusema, "Mzee kasema tule."

Bosi mwenyewe tunamwita Milimita. Ukimuuliza habari za asubuhi atapima kwanza. Si mtu wa maneno, ndiyo sababu tulielewana. Nafasi yote aliniachia mimi.

Halafu kampuni za simu zikaoana.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Kulikuwa na Kengele na kulikuwa na Kipepeo, wamegombana miaka, huyu anashusha bei, yule anagawa fulana. Siku moja tukaamka tukaambiwa wamekuwa mwili mmoja, nembo mpya, wimbo mpya, na mtandao mpana maradufu. Dada alikuwa Kengele. Wakamvua fulana ya zamani wakamvisha mpya iliyokuwa kubwa mabegani. Nikamwambia, "Dada, hongera ya ndoa. Mahari mmegawana vipi?"

"Nenda zako huko."

"Nauliza tu. Nasikia bibi harusi kaja na minara mia saba."

Shida ni kwamba watu wakioana hawahitaji majiko mawili. Moja linazimwa. Na jiko lililozimwa likawa letu. Mnara uliokuwa juu ya ghala la mbao, hatua hamsini kutoka kitandani kwa Baba, ulikuwa wa Kipepeo, na ndiyo sababu hata Dada alimwekea Baba laini ya Kipepeo. Wataalamu wakakaa mezani wakaamua ule wa Kengele ulioko kule karibu na kituo cha mabasi unatosha pande zote. Labda kwenye karatasi ulitosha. Huku kwetu mwalimu wa hesabu akawa anaongea na simu amesimama juu ya kiti, kichwa nje ya dirisha. Fundi cherehani wa jirani akawa anapanda juu ya paa kuzungumza na mchumba wake, na mtaa mzima tukaujua ugomvi wao tangu mwanzo, tukagawanyika pande mbili. Mimi nilikuwa upande wa mchumba.

Na bipu za Baba zikapata kigugumizi. Mara ya saa mbili inaingia saa nne. Mara haiingii. Na baya zaidi, bipu moja ikawa inagonga, inakatika, halafu inagonga tena kama vile mtandao wenyewe umesahau kwamba ulishagonga. Sasa hiyo ni moja au ni mbili?

Mara ya kwanza nilikimbia. Niliacha kioo cha kabati nusu kimekatwa, nikapita katikati ya watu na vumbi la kioo kwenye nyusi, nikafungua mlango hata kupumua siwezi. Baba alikuwa kwenye kiti chake anatazama televisheni. Akanitazama. Akaitazama saa. "Haya?" akasema, ile haya ya kuuliza kama nimefukuzwa kazi.

Mara ya pili nilikimbia vilevile. Baba alikuwa amelala, simu iko kifuani. Niliporudi karakanani wapaka rangi wa duka la pembeni walikuwa wamesimama mlangoni wananisubiri. "Redio! Umeshinda au umekuwa wa pili?" Nikacheka nao. Ningefanyaje?

Jioni nilimwambia Dada. Alikuwa anamkata Baba nywele, kitana mdomoni. Akakitoa.

"Sikiliza. Mara mbili ni mara mbili."

"Lakini ni mtandao wenu huo, unarudiarudia kama mlevi."

"Hata kama. Ukikimbia mara kumi bure, utakuwa umefanya mazoezi. Usipokimbia ile moja..." Akaweka kitana mezani. "Niahidi."

"Naahidi."

"Si kwa sauti ya redio. Kwa sauti yako."

Nikaahidi kwa sauti yangu. Mjomba wetu alikuwa ameshauri Baba ahamishiwe laini ya kampuni nyingine, ile iliyobaki nje ya ndoa, na Dada ndiye aliyekataa. Alisema wafanyakazi wameambiwa ni wiki chache tu, mnara utarudi. Alisema, "Nitakaaje kaunta nawaambia watu wavumilie na baba yangu nimemhamisha?" Mjomba akainua mikono. Tukabaki.

Sasa Jumanne ile. Nitaieleza kama ilivyo, haina urefu.

Ilikuwa saa tano na kitu. Karakanani tulikuwa sita: mimi, Milimita, akina mama wawili waliofuata kioo cha saluni, na wale wapaka rangi wawili waliokuja kuazima ngazi wakanogewa. Aliyewanogesha nani? Mimi. Nilikuwa na kitu changu kipya nilichokifanyia mazoezi wiki nzima, sauti ya yule mwanamke wa kwenye mashine. Ninaiweza hasa, hata pumzi yake ninaiweza. "Ndugu mteja, namba unayoipigia haipatikani kwa sasa. Yuko fungate. Tafadhali jaribu tena baada ya miezi tisa." Mmoja wa wale kina mama alikuwa ameshika ukuta. Nikaendelea. "Kuongea na mume, bonyeza moja. Kuongea na mke, bonyeza mbili. Kuongea na mama mkwe, usibonyeze kitu, atakupigia mwenyewe."

Simu yangu ilikuwa juu ya meza ya kukatia, kwenye zulia tunalotandika chini ya vioo, uso juu. Ikatetemeka. BABA. Ikakatika. Ikatetemeka tena. BABA. Ikakatika.

Niliiona. Nilisoma jina mara mbili. Kichwani nikasema, kigugumizi hicho. Wale watu walikuwa wananitazama midomo wazi wanasubiri neno linalofuata, na neno linalofuata nilikuwa nalo. Nikaigeuza simu kifudifudi. Nikasema, "Ndugu mteja, mmeona? Hata mimi wananisumbua." Wakaangua kicheko.

Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Saa sita bipu haikuja, nikasema mtandao. Tukala. Saa nane nikaenda.

Alikuwa sakafuni kati ya kitanda na kiti, ubavu wa kulia chini, simu mkononi na kidole gumba bado kiko juu ya kitufe. Macho wazi. Alikuwa anapumua kwa sauti kama mtu anayekoroma, ila hakuwa amelala. Mlango wa kabati ulikuwa wazi. Nakumbuka niliona mlango wa kabati uko wazi, nikaenda nikaufunga kwanza. Halafu ndipo nikatoka nje kupiga kelele.

Hospitali daktari alikuwa kijana, kalamu mbili mfukoni. Aliuliza tumemkuta saa ngapi. Nikasema saa nane. Akauliza alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Nikasema saa mbili alibipu. Akaandika. "Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake," akasema. "Mngefika kwenye saa sita hivi, tungejaribu." Alisema kwa upole, kama mtu anayekueleza basi limeondoka.

Nilikaa kwenye benchi. Nikatoa simu, nikafungua orodha, nikaona BABA 11:08, BABA 11:09. Kidole changu kikafuta. Sisemi kwamba sikujua ninachofanya. Nasema tu sikuhisi chochote, ilikuwa kama kufuta vumbi kwenye kioo cha mteja.

Dada alifika na fulana ile kubwa, jasho, beji ya jina imegeuka nyuma.

"Hakubipu?"

"Haikuingia."

Neno moja, na lilitoka bila shida. Alikaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa, mgongo ukutani. "Haikuingia," akasema naye, kama anajifunza kulitamka.

Baba alikufa Alhamisi alfajiri.

Kwenye msiba sikuwa na kazi ya kujieleza. Kila aliyekuja alikuja na kisa chake cha mtandao. Mwalimu wa hesabu alikosa kuitwa kwenye usaili. Fundi cherehani alikosa mchumba, na hilo tulilijua tayari. Mama mmoja ambaye hata simjui alinishika mikono miwili akasema, "Mwanangu, usijilaumu, hawa watu wametuua." Nikasema asante mama. Nilipewa chai, nikanywa, sijui kama ilikuwa na sukari. Watu walitazamia Redio alie au achekeshe, kimojawapo. Nikachekesha kidogo, ili wapumzike.

Aliyejilaumu alikuwa Dada. Mjomba hakumwambia lolote, na hilo ndilo lililommaliza. "Ni mimi niliyekataa," alikuwa anasema wakati anaosha vyombo, wakati anafunga viatu, katikati ya sentensi nyingine kabisa. "Wiki chache tu, nilisema. Nilisema kwa mdomo wangu." Kaunta alirudi baada ya siku nne. Akija mteja kulalamika, Dada hasomi tena ile karatasi ya majibu, anamwambia, "Una haki. Baba yangu amekufa kwa sababu hiyo hiyo." Mara ya tatu meneja akamwita pembeni.

Ndipo akaandika barua. Kurasa mbili kwa mkono, makao makuu, nakala kwa mamlaka ya mawasiliano. Kwamba mnara umezimwa bila kuangalia nani anautegemea. Kwamba tarehe fulani saa fulani mgonjwa aliomba msaada na msaada haukupita. Kwamba yeye ni mfanyakazi wao na anasaini kwa jina lake.

Alinisomea. Nilikuwa navua soksi.

"Watakufukuza," nikasema.

"Wanifukuze."

"Dada, kampuni yenyewe ina fungate, unawapelekea barua ya msiba?"

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Nilibaki na soksi mkononi, nikaona hapa ndipo pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, kama kiti kitupu. Nikaitazama soksi. Nikasema imetoboka.

Majibu yalikuja kupitia meneja: tuhuma nzito, zithibitishwe au zifutwe, mpimaji atatumwa, ikionekana si kweli, mwandishi ataondolewa kazini kwa kuchafua jina la kampuni. Dada alilipokea hilo vizuri. Alikuwa na kitu cha kufanya sasa. Alinunua daftari, akachukua kile kisimu cha Baba, ambacho alikuwa anakichaji kila siku bila sababu, na siku yake ya mapumziko akakaa kwenye kiti cha Baba. Akawa ananibipu karakanani kila baada ya dakika kumi. Kazi yangu ilikuwa kuandika ipi imeingia na saa ngapi.

Kwa hiyo siku nzima simu yangu iliandika BABA. Juu ya zulia lile lile. BABA, ikakatika. Mimi nachukua kalamu naandika: saa nne na nusu, imeingia. Nilingoja nihisi kitu. Mchana Milimita akaniambia, "Mkono." Nikatazama. Nilikuwa nimejikata kwenye kiganja na damu ilikuwa imeshatengeneza njia juu ya kioo mpaka ukingoni. Sikuwa na habari. Akanifunga kitambaa. Wakati anafunga akauliza, bila kuinua macho:

"Siku ile ulikuwa na simu gani?"

"Hii hii."

"Ah."

Akakaza fundo. Tangu msiba alikuwa hacheki nikisema kitu, nami nilidhani ni heshima kwa marehemu.

Kati ya bipu arobaini, ishirini na sita ziliingia papo hapo, tisa zikachelewa, tano hazikuingia kabisa. Niliziandika kwa uaminifu, ajabu yangu. Dada aliinua daftari kama kombe. "Umeona? Tano hazikuingia! Kati ya arobaini, tano! Na zile mbili zake zilikuwa kama hizo tano, ndiyo hivyo tu." Macho yake yalikuwa yamerudi kidogo. Alikula jioni ile. Nikajiambia, mwache ale.

Walikuja Ijumaa, saa nne asubuhi, watu watatu: Dada na fulana yake ameipiga pasi, meneja wake, mwanamke mnene mwenye kuongea taratibu kama anakusomea hadithi, na mpimaji, mvulana wa rika langu mwenye simu nne kwenye mkanda na begi mgongoni. Walitoka nyumbani kwetu, walishapima kule. Sasa walitaka kupima mahali simu ilipopokelewa. Milimita alizima mashine ya kusugulia kingo. Nikapangusa viti.

"Karibuni," nikasema. "Msiguse kitu, kila kitu hapa kinawaona."

Mpimaji alicheka. Meneja alitabasamu kwa kazi. Mpimaji akaweka simu mbili mezani, akatembea na ya tatu kutoka mlangoni mpaka stoo, akaandika.

"Kule nyumbani ni hafifu," akasema, "sikatai. Kuna kona inapotea. Hapa ni nzuri, vijiti vinne."

"Leo," Dada akasema.

"Leo, ndiyo."

"Mnakuja kupima, lazima iwe nzuri. Siku ile je?"

Mpimaji akamtazama meneja, meneja akaitikia kwa kichwa. Akafungua karatasi. "Laini ya marehemu, siku ile, asubuhi. Kuna jaribio saa tano na dakika nane, limeita sekunde sita. La pili saa tano na dakika tisa, limeita sekunde saba. Mfumo unaonyesha zote mbili zimefika upande wa pili."

"Zimefika kwenu," Dada akasema. "Hazikufika kwake." Alifungua daftari, akaliweka juu ya karatasi yao, akaonyesha kwa kidole. "Hizi tano nazo mfumo wenu utasema zimefika? Nenda kaangalie. Nenda! Mdogo wangu alikuwa hapa, simu iko mbele yake. Angeiona angekimbia. Alishakimbia mara mbili bure, mtaa mzima ulimcheka, na bado angekimbia. Huyu?" Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa moto, niliuona kuwa wa moto, kama unavyojua tu kwamba jiko limewaka. "Huyu aliniahidi."

Meneja akavuta pumzi. "Mimi sipendi hili, mama. Umefanya kazi na sisi miaka sita. Nimekuja na barua nyingine, fupi tu, kwamba ulikuwa kwenye majonzi na unaifuta ile ya kwanza. Ukisaini hii, Jumatatu uko kaunta. Usiposaini, hii ripoti ya mtandao inapelekwa juu kama ilivyo, na maneno ya mfumo yanashinda maneno yako. Unanielewa? Sina mkono hapo."

"Sisaini."

"Fikiri."

"Nimeshafikiri. Siwezi kusaini kwamba haikutokea." Sauti ilikatika, akaiokota. "Mdogo wangu yuko hapa. Muulizeni."

Wakanitazama wote. Mpimaji alikuwa ameshatoa kalamu. Nilifikiri kuhusu ile sauti ya mwanamke wa kwenye mashine, sijui kwa nini, ilikuwa tayari imekaa kooni. Ningeweza kusema. Kama ningesema wiki zile za kwanza, kwamba niliiona na nikadhani ni kigugumizi, labda hata angenielewa. Mtandao ulikuwa na kigugumizi kweli, daftari lilikuwa pale. Lakini sasa kulikuwa na ile orodha niliyoifuta, na barua ya kurasa mbili, na mkono wake begani kwangu.

"Haikuingia," nikasema.

Mpimaji akaandika. Dada akafumba macho kidogo, kama mtu aliyepewa maji.

"Redio," Milimita akasema.

Alikuwa bado amesimama kando ya mashine, mikono ndani ya aproni. Nilidhani anataka niwashe taa.

"Nimekupa siku thelathini na nane," akasema. "Nimehesabu. Nilisema kijana atasema mwenyewe, si kazi yangu. Sasa dada yako anapoteza kazi mbele ya macho yako na bado unauma meno."

"Kusema nini?" Dada akauliza. Alimwuliza yeye, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Nikatazama zulia.

Milimita akamgeukia yule mpimaji, kwa sababu yule ndiye aliyekuwa na kalamu, na akasema taratibu kama anatoa vipimo. "Andika hivi. Iliingia. Mara mbili, zikifuatana. Ilikuwa pale, uso juu, na mimi nilikuwa nimesimama hapa. Aliisoma, akaigeuza."

"Akaigeuza," Dada akasema. Mkono ukatoka begani kwangu. "Halafu akafanya nini?"

Milimita alivua miwani, akaifuta kwa aproni ambayo ilikuwa chafu kuliko miwani yenyewe.

"Akaendelea kutuchekesha, dada," akasema. "Na mimi nilicheka."